Maswali ya Wasomaji: Jiko la Kupachika Ndani ya Meko ya Zamani

SWALI: Nyumba niliyoinunua baada ya kustaafu, hapa Njombe, ilijengwa enzi za Mwingereza kwa matofali ya kuchoma, na sebuleni ina meko ya kuotea moto yenye mdomo wa karibu mita moja. Jioni za mwezi wa sita na wa saba tunamaliza mzigo mzima wa kuni, lakini anayekaa mbele ya moto anaungua magoti huku mgongo ukiganda, na upepo ukigeuka moshi unarudi ndani. Fundi wa kuchomelea yuko tayari kunitengenezea jiko la chuma lenye mlango, la kupachika ndani ya meko hayo, lenye bomba la mita moja litakaloingia kwenye dohani. Je, kazi hiyo inatosha? Na je, naweza kuchoma mabanzi ya kiwanda cha mbao, ambayo huku yanapatikana kwa bei nafuu? — Mwalimu mstaafu, Njombe

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Wazo la jiko ni zuri, na si geni, kwani Benjamin Franklin wa Marekani alibuni jiko la chuma la kuingizwa mekoni tangu miaka ya 1740, akisumbuliwa na hayahaya unayoyaeleza. Moto wa meko ya wazi huliachia dohani sehemu kubwa ya joto lake, na kwa kawaida chumba hubaki na asilimia 10 hadi 15 tu. Isitoshe, dohani hiyo inafyonza hewa ya sebuleni muda wote moto unapowaka, na hewa ya kujaza pengo lake inaingia kwa baridi kupitia nyufa za milango na madirisha, nayo ndiyo inayokugandisha mgongo. Jiko lenye mlango unaofunga sawasawa, ambalo hewa yake inaingia kwa kipimo, linaweza kukubakizia asilimia 70 au zaidi ya joto la kuni zilezile.

Bomba la mita moja, hata hivyo, usilikubali. Dohani yako ilijengwa kwa ajili ya moto wa wazi, unaopandisha hewa nyingi na yenye joto kali, ndiyo maana ina upana mkubwa. Jiko la kupachika linatoa moshi mchache, tena uliokwisha kupunguziwa joto, na moshi huo ukitoka kwenye bomba fupi na kukuta uwazi mpana wa matofali ya baridi, unapunguza mwendo, unapoa, na unaacha ukutani utomvu mweusi mfano wa lami. Utomvu huo unashika moto. Siku ukiwaka, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na katika nyumba ya umri huo, ambayo chokaa kati ya matofali huenda imekwisha kulika, moto unapata njia ya kufikia mbao za dari.

Kwa hiyo bomba lianzie kwenye shingo ya jiko na kupanda bila kukatika hadi nje ya mdomo wa dohani, liwe la chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, kwa majiko mengi likiwa na kipenyo cha milimita 150, na kamwe lisiwe jembamba kuliko shingo yenyewe. Juu lifunikwe kwa kofia ya kuzuia mvua, na chini, bomba linapoingia kwenye dohani, uwazi uliobaki uzibwe kwa bati zito, la sivyo joto utakalolilipia litapanda kandokando ya bomba na kupotea. Huko kwenu kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu: katika mwinuko wa karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha moja ya tano, hivyo mvuto wa dohani nao ni dhaifu zaidi, na bomba lililo refu, lililonyooka na linalotunza joto lake ndilo linaloufidia. Mdomo wa dohani nao upite paa kwa sentimita 90 angalau, na uwe juu kwa sentimita 60 kuliko chochote kilichomo ndani ya mita 3, kwani dohani fupi iliyo chini ya kigongo cha paa mara nyingi ndiyo inayorudisha moshi upepo unapogeuka.

Kabla ya kununua hata nati moja, ikague dohani yenyewe. Isafishwe kwanza, kisha fundi awashe majani mabichi kidogo mekoni, madirisha yakiwa wazi, mwenzake afunike mdomo wa juu kwa gunia lililoloweshwa kwa dakika chache, na wa tatu akae darini na tochi. Mahali moshi unapovuja pana ufa. Papo hapo atazame kama kenchi au boriti yoyote imegusa ukuta wa dohani, kwa kuwa mafundi wa zamani walizoea kuegemeza mbao humo. Mbao ya namna hiyo lazima ikatwe na kuegemezwa kwingine, hata kama imekaa hapo miaka 70 bila kuungua.

Jiko lenyewe ndiyo sehemu rahisi. Chuma kiwe na unene wa milimita 5 au 6, ndani kupangwe matofali ya kuhimili moto, mlango uwe na kamba ya kuhimili joto pembezoni, na mbele ya jiko sakafu iwe ya saruji au mawe, si mbao wala zulia. Weka pia kifaa cha kutoa mlio kinapogundua gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu usingizini. Usilale ukiwa umefunga hewa ya jiko kabisa ili kuni zidumu hadi asubuhi, kwani moto unaofukuta ndio unaozalisha gesi hiyo na ule utomvu kwa wingi. Dohani isafishwe kila mwaka, ikiwezekana mwezi wa tano kabla baridi haijakaza.

Mabanzi unaweza kuyachoma, mradi yamekauka. Mabanzi ya paina yaliyotoka kwenye msumeno wiki hii yanaweza kuwa na uzito wa maji uliolingana na wa mti wenyewe au kuuzidi, na jiko linahitaji kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Yapange chini ya paa, upepo upite katikati, kwa miezi 6 hadi 12. Hata yakikauka huwaka upesi na kwisha, hivyo yatumie kuwashia, kisha uendelee na kuni za miwati, ambazo ni nzito na makaa yake hudumu. Ninachokuomba sana, Mwalimu, ni kwamba usichome vipande vya nguzo wala mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali. Nyingi kati ya hizo zina aseniki, na sumu hiyo hutoka na moshi, na nyingine hubaki kwenye majivu ambayo wengi wetu huyamwaga kwenye bustani ya mboga.