Kilele cha kelele za spini kupanuka ukizidisha joto

Mkuu, umeuliza kwa nini kilele cha rubidi kwenye grafu ya kelele za spini kinapanuka ukipandisha kichupa cha mvuke wake kutoka nyuzi 70 za Selsiasi hadi 110. (Spini ni kama sumaku ndogo ya kila atomu; kelele zake ni mitikisiko ya nasibu ambayo leza huisoma.) Sababu kubwa ni msongamano wa mvuke: kati ya joto hizo mbili unaongezeka takriban mara 15. Kwenye nyuzi 110 kila atomu inabadilishana spini na wenzake karibu mara 10,000 kwa sekunde, na kila mgongano unavuruga mwendo wa spini kuzunguka uga wa sumaku. Eneo chini ya kilele linahesabu atomu, upana unahesabu migongano. Visome vyote viwili, usiangalie urefu peke yake.

Lakini kwanza ondoa leza kwenye lawama. Punguza nguvu yake nusu. Upana ukishuka, mwanga ndio unaovuruga, kwa hiyo sogeza masafa ya leza mbali zaidi na mstari wa atomu, yaani masafa ambayo atomu hufyonza mwanga. Kichupa kisicho na naitrojeni, gesi ya kuzuia atomu zisikimbie, kina shida nyingine kabisa: atomu zinavuka mwale wa leza wa milimita moja ndani ya mikrosekunde chache, na upana unafika makumi ya kilohezi hata kukiwa na baridi.

Bila kinga ya sumaku, hapo Mbeya uga wa dunia ni takriban mikrotesla 30, basi tafuta kilele cha rubidi-87 karibu na kilohezi 210 na cha rubidi-85 (aina mbili za atomu za rubidi) karibu na 140.

Halafu hii baridi ya Julai: mvuke wa rubidi hugeuka matone sehemu iliyo baridi kuliko zote. Madirisha ya kichupa yawe na joto kuliko mkia wake (kishina cha kioo), la sivyo yatapata utando na leza haitapita.