Mzee Aliyeulizwa Kama ni Raia

Nilipokuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, pale katikati ya jiji la Dar es Salaam, si mbali na Mnazi Mmoja, alikuja ofisini mzee mmoja Mhindi kuomba barua ya utambulisho apeleke benki. Mtendaji wa mtaa akamuuliza, "Mzee wangu, cheti cha uraia unacho?" Mzee akacheka kidogo. "Mwanangu, mimi nimezaliwa Kisutu kabla ya Uhuru. Cheti gani tena?"

Dakika chache kabla yake alikuwa ametoka kijana aliyehamia mtaani miezi mitatu nyuma. Yeye aliulizwa jina na namba ya nyumba tu, akagongewa muhuri. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza.

Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyechaguliwa kuwa mjumbe wa mtaa Novemba 2024. Usitafute ubaguzi wa rangi kwenye matusi, maana mtaani hutausikia hivyo. Utafute kwenye maswali: nani anaulizwa nini kabla ya kupewa muhuri. Ibara ya 13 ya Katiba inataja rangi kwa jina, lakini mtendaji mwenye foleni ya watu ishirini hafungui Katiba. Sisi tuliandika karatasi moja ya mahitaji ya barua, tukaibandika mlangoni. Lisiloandikwa pale haliulizwi.

Mazoea haya yana mizizi. Wajerumani waliugawa mji huu, Waingereza wakaendeleza: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini mjini kati, Uswahilini Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi utenge Wahindi na Waafrika. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yakataifishwa, na taratibu tukaanza kupanga ghorofa moja. Ngazi tunapandia moja, ila vichwani ule mpaka bado tunao.

Angalia michango. Taa za mtaa zimekufa? Orodha inaanzia kwenye maduka ya Wahindi, tena kiwango tunawapangia sisi. Ukifika mkutano wa kuamua hela itumikeje, Mhindi humwoni hata mmoja, nasi tunaguna, "Wale hawapendi kuchanganyika." Nilikuwa nikisema hivyo mwenyewe, mpaka siku nilipopanda ghorofa ya nne wakati mtu wetu wa kipaza sauti anapita chini. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Sikuambulia neno. Isitoshe tulikuwa tukiita watu Ijumaa mchana, saa ambayo nusu ya mtaa, wa rangi zote, wako msikitini.

Tukahamishia Jumapili saa nne asubuhi, matangazo tukabandika kwenye ngazi za kila jengo. Mara ya kwanza walikuja Wahindi watano. Mama mmoja, kwa Kiswahili kilichonizidi mimi mtu wa Tabora, akaomba kuona risiti za mchango wa taa. Mwenyekiti alikunja uso. Jiandae kwa hilo: ukifungua mlango kwa haki, wanaoingia wanakuja na maswali, na wenzako wengine watakulaumu wewe uliyewaita.

Halafu kuna hili ambalo sikulitegemea. Tangazo la kwenye ngazi lilisomwa na walinzi na dada wa kazi pia. Wanalala humo majengoni, mtaa ni wao, lakini hakuna aliyewahi kuwahesabu. Dada mmoja alisimama akasema kwenye jengo lao wafanyakazi wanakatazwa kutumia lifti. Yule mama wa risiti akatazama chini. Jengo lilikuwa lake.

Kwa hiyo weka daftari la mahudhurio, na lisiishie kwenye majina. Andika kila mtu anatoka jengo gani, na yeye ni mpangaji, mwenye nyumba au mfanyakazi. Baada ya mikutano mitatu utaona majengo ambayo hayajaleta mtu. Anzia huko kwa miguu yako.

Ile karatasi ya mlangoni ilidumu miezi mitano hivi, mvua za masika zikailowesha. Ya kwenu ivalisheni nailoni.