Feni ya PlayStation 4 inanguruma: je, nibadilishe?

SWALI: Nina PlayStation 4 ya toleo la kwanza, ile pana. Nikicheza dakika 20 huanza kunguruma, kisha huonya kuwa imepata joto na kujizima. Nimepuliza matundu ya nje, wapi! Ninunue feni mpya?

JIBU: Usinunue kwanza. Feni inayonguruma hivyo kwa kawaida ni nzima: inaongezewa kasi kwa sababu joto la chipu halitoki. Feni mbovu hukwaruza, husitasita, au hutulia kimya huku mashine ikiungua.

Kupuliza kwa nje hakufui dafu kwa sababu vumbi lenyewe limejibana ndani, pale feni inapotazamana na mapezi ya hitisinki, yaani kipande cha metali kinachofyonza joto la chipu. Hushikana likawa kama kipande cha blanketi, hata unaweza kulivua zima kwa kibano. Hewa hiyohiyo ndiyo inayopoza pawasaplai (kifaa kinacholisha mashine umeme) baada ya kupita kwenye mapezi, kwa hiyo njia ikiziba vyote viwili huumia.

Chomoa umeme, acha ipoe nusu saa, ufungue kwa bisibisi ya nyota yenye tundu katikati (T8 au T9). Unapopuliza, zuia panga za feni kwa kidole. Zikizungushwa ovyo na upepo, beringi huumia.

Kisha badilisha pesti ya joto, ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye hitisinki, na hapa usiruke. Iliyozeeka huwa kavu, hubanduka kama chaki. Legeza skrubu mbili za bamba la chuma lenye umbo la X, linalobana hitisinki kwenye chipu, kidogo kidogo kwa zamu, ufute chipu na hitisinki kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi mpaka ving'ae. Weka tone moja la pesti mpya katikati ya chipu, ukubwa wa njegere ndogo. Likizidi humwagika pembeni bila faida. Pedi laini zilizo juu ya vipande vingine usizichane: zikichanika, badilisha kwa nyingine za unene uleule. Wakati wa kukaza rudia zamu hiyohiyo, nusu mzunguko kila upande, kwani ukikaza upande mmoja hadi mwisho hitisinki hukaa kombo na joto hurudi palepale.

Mwenye PlayStation 5 asifuate hatua hizi. Chipu yake imepakwa metali ya kimiminika inayopitisha umeme, na tone likidondokea bodi huiunguza.

Ukiwasha ikawa kimya kabisa lakini bado inajizima, fungua tena uangalie plagi ya feni. Mara nyingi haikuingia hadi mwisho.