Mumeo Hajarogwa

*Shangazi, mume wangu ni mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, anakunywa gongo tangu asubuhi. Siku aliyolipwa nilimfungia ndani asizinywe fedha, nikasema ataacha tu. Siku ya tatu akatetemeka, jasho likamtoka, akasema ukuta umejaa mijusi. Mama mkwe akaja na chupa, akamnywesha, akatulia. Sasa kaanza tena kunywa. Nahisi mama huyu anamroga. Ukoo wao wote walevi, hata baba yake alikufa akitetemeka. Niondoke na wanangu? Mama Wawili, Igoma.*

Pole, mwanangu. Pole yangu inaishia hapo.

Habari ya baba mkwe umeipitia juu juu, na humo ndimo lilimo jibu. Mama yule alishamwona mumewe akienda hivyo. Aliposikia habari ya mijusi, akamwahi mwanawe. Chupa si tiba, walitakiwa kwenda hospitali, lakini kati yenu wawili aliyeelewa anachokiona ni yeye.

Ubongo uliozoea pombe kila siku ni kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zote: ukiufungua ghafla, anaanguka kifudifudi. Mikono hutetemeka siku ya kwanza, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu huchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo. Hapo watu hufa. Na arosto, yaani mateso ya kukatiwa pombe ghafla, ikijirudia, ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Kufuli lako lifiche.

Kuhusu ukoo, hujakosea sana. Karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hurithiwa. Denmark walifuatilia watoto wa kiume wa walevi waliolelewa na watu wengine tangu wachanga, na bado wengi zaidi wakaangukia ulevini kuliko wenzao. Basi damu unayoitukana wanao wanayo. Ukipanda basi kwenda kwenu, unasafiri nayo. Hao ndio wasionjeshwe bia harusini eti wachekeshe wageni.

Nyie wake wa siku hizi! Mume akiugua malaria mnakesha naye, akiugua pombe mnampiga picha mkawatumie dada zenu.

Mpeleke hospitali ya Bugando kabla hajajaribu kuacha tena, na mama mkwe awepo aeleze ya marehemu. Semeni ukweli anakunywa kiasi gani. Watampa dawa za kutuliza, dozi ikipunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Na zile fedha za dagaa, ambazo hukuzitaja tena, ndizo zilipie matibabu.