Kugawa nyumba ya zamani ya Buruburu: msanifu ana kazi gani hasa?

Ndugu, umeuliza mambo matatu kuhusu nyumba mliyoachiwa na wazazi Buruburu, Nairobi: kama msanifu majengo ni lazima ukitaka kuigawa iwe ya familia mbili, moja juu na moja chini, atakula kiasi gani, na kama mnaweza kuendelea kuishi ndani kazi ikiendelea. Fundi wako amekwambia ni kuvunja ukuta mmoja na kuweka ngazi nje, basi. Mimi nimesimamia kazi kama hiyo kwenye nyumba ya mama Pangani, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Ya mama ni zile nyumba za mawe zenye paa la vigae vya Mangalore, vyumba vimezunguka ua wa katikati. Utazikuta Pangani, Ngara na Eastleigh, nyingi zilijengwa na Wahindi kabla ya uhuru. Tulitaka itoe makao matatu: mama abaki mbele, nyuma tupangishe mawili. Fundi alikuwa na mpango tayari. Ua uezekwe kwa mabati ya kupitisha mwanga tupate sebule ya ziada, vigae ving'olewe tuweke mabati ya rangi, na kuta zilizoota ukungu zipakwe rangi ya kuzuia maji. Bei yake ilikuwa tamu.

Msanifu alipokuja hakuchora chochote. Alipima nyumba yote, chumba kwa chumba, kwa sababu ramani ya zamani haikuwepo (na hata ingekuwepo, nyumba ya miaka hiyo imeshaongezwa mlango hapa na choo pale). Alipanda darini na tochi. Alifunua chemba za majitaka, akamwaga maji chooni kuona yanatokea wapi. Ada ya hatua hiyo tulilipa peke yake, kabla ya kukubaliana mengine, na kwa maoni yangu hakuna pesa iliyotufaa kuliko hiyo.

Chukua ule ukungu. Kwa miaka mingi kila aliyekarabati ua alimwaga zege jipya juu ya la zamani, mpaka ua ukawa juu kuliko sakafu ya vyumba. Nyumba ina tabaka la kuzuia unyevu chini ya kuta, lakini ua ulikuwa umelipita, basi kila mvua ya masika maji yaliingia ukutani juu yake. Rangi ya kuzuia maji ingeshika msimu mmoja halafu ikabanduka pamoja na plasta. Dawa ilikuwa kuvunja zege la ua, kulishusha, na kulipatia mteremko kuelekea mtaro. Vibarua wenye nyundo. Hakuna cha ajabu.

Paa nalo, vigae vilikuwa vizima kasoro vichache vilivyopasuka. Kilichooza ni fito zilizovibeba na kipande cha kenchi kilicholiwa na mchwa upande wa jikoni. Tulishusha vigae, tukabadilisha mbao, tukavirudisha, vilivyovunjika tukanunua vya mitumba kutoka nyumba zilizobomolewa. Mama bado analala bila kusikia mvua ikipiga mabati, na mchana chumba hakichemki.

Kuhusu ua, msanifu alikataa kata kata kuuezeka. Vyumba vya nyuma vilipata hewa na mwanga kutoka hapo tu. Ukiuezeka, dirisha la chumba cha kulala linafunguka sebuleni kwa mwenzako, na moshi wa jiko hauna pa kwenda. Mchoro wa namna hiyo ukiupeleka kaunti utarudishiwa. Sisi tulikuwa tunawaza kodi ya sebule ya ziada, yeye akatuonyesha kwamba wapangaji wangekimbia.

Sasa nyumba yako. Hilo neno "ukuta mmoja tu" ndilo linanitia wasiwasi. Katika nyumba nyingi za zamani hakuna nguzo za zege, kuta zenyewe ndizo zinazobeba sakafu ya juu na paa. Ukuta wa mawe unaotenganisha sebule na jiko unaweza kuwa ndio umebeba chumba cha kulala. Unaweza kuvunjwa, sikatai, lakini injinia aseme boriti gani iingie na nyumba itegemezwe vipi wakati wa kuvunja. Msanifu mzuri atamleta injinia mwenyewe. Pia jua mapema sakafu ya juu ni ya zege au ya mbao, maana unataka kuweka jiko huko: sinki, majitaka, tangi labda, na sauti ya kinu itakayowashukia wa chini usiku.

Ngazi ya nje ndiyo mtego mwingine. Sehemu kubwa ya Eastlands, huko kwenu, ina ule udongo mweusi mafundi wanaouita blak koton. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Ukijenga ngazi au chumba kipya juu ya msingi mfupi na kukishikanisha na nyumba ya zamani, vitu viwili vitacheza tofauti na ufa utatokea palepale vinapokutana. Chimba uondoe udongo mweusi hadi pagumu, na uliza kuhusu kuacha mwachano, yaani nafasi ndogo, kati ya kipya na cha zamani. Halafu mnashiriki ukuta na jirani. Mwone kabla nyundo haijaanza, na piga picha za nyufa zilizopo kwake, mbele yake. Zitakuokoa baadaye.

Umeme usiuguse kwa mazoea. Nyaya za zamani mara nyingi hazina athi (waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja), na kila familia itataka mita yake ya tokeni. Tafuta fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na kama kibanda cha nyuma kina paa la asbesto, usiruhusu mtu alivunje kwa nyundo, maana vumbi lake linaua mapafu polepole. Kuna walio na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuliondoa.

Je, ni lazima kisheria? Kugawa nyumba iwe makao mawili si kupaka rangi. Unahitaji ruhusa ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, michoro ikiwa na sahihi ya msanifu na ya injinia, na mradi uandikishwe NCA, mamlaka ya ujenzi. Bila hivyo kanjo (askari wa kaunti) watakuchorea alama ya X ukutani na kazi isimame nusu. Kabla ya yote hayo, tafuta hati na uangalie lisi (muda mliopewa kumiliki ardhi) imebaki miaka mingapi na kama kuna deni la reti, ile kodi ya ardhi ya kaunti. Msanifu naye mwangalie kwenye orodha ya BORAQS, bodi inayosajili wasanifu. Wako wanaochora vizuri lakini hawajasajiliwa, wanakodi muhuri wa mtu ambaye hatatia mguu kwako. Huyo wa muhuri wa kukodi huna haja naye.

Ada huhesabiwa kwa asilimia ya gharama ya ujenzi, na kazi ya nyumba kuukuu huwa na asilimia kubwa kuliko jengo jipya, kwa sababu kupima na kuchungua ni kwingi. Gawa malipo kwa hatua: upimaji, mchoro, kibali, usimamizi. Watu hukata usimamizi kuokoa pesa, na mimi naona bora ukate vigae vya bei bafuni. Kwa nyumba kama hii siku mnafungua dari ndiyo siku mnaamua upya, na fundi akiwa peke yake ataamua linalomaliza kazi haraka. Weka akiba ya asilimia ishirini isiyopangiwa kazi yoyote, na mshikilie mkandarasi sehemu ya malipo mpaka mvua moja ipite.

Kuishi ndani inawezekana mkianza na juu, wa chini wakabaki na choo na maji yao. Wakati wa kuvunja ule ukuta, hameni. Wenye watoto wadogo hameni hata wakati wa kukwangua rangi ya zamani, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.