Wakutanishe, ila si leo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama uwakutanishe mara moja wale wanafunzi wawili waliopigana, au uwasimamishe masomo kama wenzako wanavyoshinikiza. Wakutanishe, ila si leo. Hasira zikishapoa, zungumza na kila mmoja peke yake: Kilitokea nini? Ulikuwa unawaza nini wakati ule? Nani ameumia, na kwa namna gani? Kifanyike nini ili mambo yatengemae? Epuka "kwa nini ulifanya hivyo?" Mtoto akiulizwa hivyo huanza kujitetea, au hunyamaza kabisa.

Aliyeumizwa asilazimishwe kukutana na mwenzake, hasa kama ameonewa kwa muda mrefu. Hapo usalama wake kwanza, tafadhali sana. Na msamaha wa kuamrishwa mbele ya darasa haumponyi mtu. Afadhali makubaliano madogo yanayotekelezeka, mathalani kumnakilia upya daftari alilomchania, kisha uwaite tena baada ya wiki uone yamefuatwa.

Kumrudisha mtoto nyumbani hakumfundishi kutambua hasira yake inapopanda. Stadi hiyo hufundishwa kabla ya ugomvi, hata kwa dakika chache za asubuhi kila mmoja akitaja anavyojisikia.