Usimwekee mama kidonge cha presha chini ya ulimi

Dada wa Newala, weka hicho kidonge mezani kwanza. Umeandika mama ana miaka 71, mashine ya jirani imesoma 198 kwa 104, anaongea vizuri, hana maumivu yoyote, na muuza dawa amekwambia utoboe kidonge laini cha nifedipini, dawa ya kushusha presha, umkamulie chini ya ulimi "ishuke haraka". Usifanye hivyo. Maswali yako ya chumvi na ya mashine ipi ununue yanaweza kusubiri, hili haliwezi.

Baba yangu alifanyiwa hivyo hivyo Masasi. Ulikuwa msimu wa korosho, mzee yuko mbioni ghalani kwa chama cha msingi, dawa zake za kila siku zimeisha na kila mtu anasema zitanunuliwa mnada ukilipa. Magoti yakawa yanamsumbua, anameza diklofenaki asubuhi na jioni, na dawa hizo za maumivu nazo hupandisha presha. Siku hiyo ametoka juani kwa miguu, kapita duka la dawa kununua nyingine. Kijana wa pale akampima papo hapo, mzee bado anahema, mkanda umefungwa juu ya shati la mikono mirefu. Ikasoma 210 kwa 110. Dalili hakuwa nayo hata moja, alikuwa anabishana na watu kuhusu bei ya korosho. Kijana akapaza sauti, "Mzee, mshipa utapasuka sasa hivi!" Akachukua kidonge laini, akakitoboa kwa sindano, akakikamua chini ya ulimi. Mimi na kaka yangu tulikuwa tumesimama pale, tukamshukuru.

Na kweli ilishuka. Haukupita muda baba akasema anaona giza. Akataka kuinuka, miguu ikakataa. Tulipomkalisha, mdomo ulikuwa umekwenda upande, maneno hayaeleweki, mkono wa kulia haushiki kitu. Yule kijana akapima tena, akapata 106 kwa 58, akatuambia, "Sasa iko vizuri." Mtu anapooza mbele ya macho yake, yeye anaangalia kioo cha mashine! Miaka imepita na hasira hiyo sijaimaliza. Ujuzi wa kuuza panadoli na salfa ya mikorosho haumfanyi mtu awe tabibu, na anayewatisha wazee kwa namba ili auze kidonge anastahili kufungiwa duka.

Tukamkimbiza hospitali ya Ndanda. Daktari alipomwona tu akauliza, "Mmempa nini?" Tulipomwambia akatikisa kichwa, kisha akatueleza kwa utulivu. Mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi, mishipa ya ubongo wake imeshajipanga kwa msukumo huo mkubwa. Wewe ni wa Newala, utanielewa haraka: maji yenu yanasukumwa na pampu kutoka bondeni Mitema hadi uwandani, na pampu ikilegea ghafla, bomba za juu ndizo zinazokauka mwanzo. Ndivyo ubongo wa mzee unavyokosa damu presha inapoporomoka, na ndicho kilichompata baba. Moyo nao unaweza kukosa damu vilevile.

Baadaye nilisoma nikagundua kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1996 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyotaka nifedipini ya chini ya ulimi isitumike tena kushusha presha, baada ya kukusanya taarifa za kiharusi, shambulio la moyo na vifo. Tangu 1996! Na huku kwetu bado mtu anatobolewa kidonge dukani. Hata hospitalini, mgonjwa wa dharura akiwa kitandani na dripu mkononi, kwa kawaida hawaishushi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Mwenye kiharusi cha mshipa kuziba, mara nyingine wanaiacha juu kwa makusudi. Sasa wewe sebuleni utaipimaje hiyo robo?

Kwa hiyo mwangalie mama kabla ya kuangalia mashine. Muulize na umchunguze: kifua kinabana? Anakosa pumzi? Kichwa kinapasuka kwa maumivu, anatapika? Macho yameingia ukungu? Amechanganyikiwa, mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno yanakwama? Likiwepo hata moja, tafuta gari usiku huu huu umpeleke hospitali, na usimpe kitu mdomoni, maana anayeanza kupooza anaweza kupaliwa.

Kama hakuna, kama ulivyoandika, basi una muda. Mwache aende haja ndogo, kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, asikunje nne, mkono wazi uegemee meza usawa wa moyo, na msiongee naye. Dakika tano hivi zikipita mpime, subiri dakika moja au mbili, rudia. Wazee wengi namba inashuka kwa kukaa kimya tu, maana hofu yenyewe inaipandisha, na hofu mmeileta nyinyi watoto mnaozunguka kiti.

Kisha muulize dawa zake taratibu, bila kumgombeza, maana mzee akigombezwa atakwambia amemeza. Kama leo hakumeza, ameze kipimo chake cha kawaida, kile alichoandikiwa. Asimeze viwili kufidia jana. Kesho asubuhi awe kliniki, hata kama ameamka mzima, wamwangalie na wamrekebishie dawa. Presha ya namna yake hushushwa kwa siku na wiki, na hiyo ndiyo kasi salama kwa umri wake.

Nenda na pakiti zote alizomeza karibuni, pamoja na za magoti, na mitishamba kama anakunywa. Na kama kuna mtu hapo nyumbani ameshamkamulia hicho kidonge kabla hujasoma hapa, mlaze, asisimame peke yake hata kwenda chooni, mpeleke hospitali sasa, na mwambie daktari ni nifedipini na amepewa saa ngapi. Usione aibu kulisema. Sisi tulisitasita kidogo kumjibu daktari, na ule haukuwa wakati wa kusitasita.